Jangwa kando ya bahari: wazee wa baraza wanisema muongo, nisaidieni

Baharia_Kuze:
Salamu zenu wana jukwaa. Nna shida na si ya pesa, ni ya heshima. Mimi nimepika melini miaka sita, nimerudi Mombasa mwezi uliopita nipumzike kidogo, basi magharibi ikishapita naketi na wazee pale barazani Kuze, kahawa tungu na kashata, waniuliza ya safari nami nasimulia. Juzi nkawaambia tulipokua twaikaribia Walvis Bay kule Namibia niliona jangwa, mchanga mtupu, vilima juu ya vilima, umeteremka mpaka majini. Yaani huku wimbi huku jangwa, kati yake hakuna hata mkoko mmoja. Mzee mmoja akaweka kikombe chini polepole akaniangalia akasema kijana, mvua yatoka wapi kama si baharini? Hiyo ilikua ndoto ya homa. Baraza zima likavunjika mbavu na toka siku hiyo naitwa Jangwa, mpaka kijana wa kuuza kahawa, nikipita tu utamsikia "Jangwa leo hunywi?"

Picha sina, simu ilinitoka mkononi ikaingia bahari ya Durban. Lakini wallahi niliona. Tena baridi! Asubuhi ukungu mzito ukisimama tezi, nyuma ya meli, huoni omo, mbele yake, mimi mtu wa Mombasa nkawa nakaanga mayai na jaketi mbili mwilini.

Sasa anaejua anieleze. Mbona sisi hapa maji ni haya haya ya chumvi na twapata mvua, minazi, na joto la shati kugandana na mgongo, na wao wana bahari kubwa kuliko yetu hawaambulii tone? Na si huko tu, kila nchi ya Afrika nliyopita ina sura yake. Luanda pakavu. Matadi kule Kongo ya Kinshasa meli yapanda mto mpaka katikati ya milima alafu njia yakatika. Cape Town mwezi wa saba mvua na upepo wa kukata masikio. Mtu akiwa nje huko asema "Afrika" kama vile asema Mtopanga, mtaa mmoja tu. Nielezeni kwa maneno ntakayoweza kurudi nayo barazani, msinipe ramani za kwenye simu, wazee wale simu wapokelea tu.

Mtu_wa_Makadara:
Mimi niko upande wa wazee. Mchanga mwingi kando ya bahari jina lake ni bichi 😂 karibu Nyali

Mwalimu_Tudor:
Mwanangu achana na huyo. Nasomesha jiografia sekondari mwaka wa 19 huu na nakwambia hukusema uongo, na hao wazee nao hawakukosea sana, ndio maana swali lako nimelipenda nkaacha kusahihisha madaftari.

Bahari yaleta mvua, kweli, lakini bahari yenye joto. Weka sufuria mbili, moja ya maji ya moto nyingine ya maji ya friji, ipi itatoa mvuke? Maji yetu sisi yatoka huko ikweta, yamechomwa na jua safari nzima, upepo ukipita juu yake wajaa unyevu, ukifika nchi kavu hewa yapanda, yapoa, yanyesha. Upande wa Namibia mkondo wao ni Benguela, watoka kusini kwenye baridi. Na si hivyo tu, upepo wa kule wayasukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, kwa hivyo maji ya vilindini yapanda kujaza nafasi, hayo ndio baridi zaidi. Hewa iliyolala juu ya maji hayo nayo yapoa ikawa nzito, na juu yake pana hewa ya moto imeifunika kama mfuniko. Haipandi. Hewa isipopanda hakuna wingu la mvua, wabaki ukungu. Ule ukungu uliokaangia mayai ndani yake ndio mvua yao. Kuna mende wa jangwani kule, asubuhi apanda juu ya kilima cha mchanga, asimama kichwa chini matako juu, ukungu wamgandia mgongoni wageuka matone yateremka mpaka mdomoni, ndio maji yake ya siku.

Pwani ile haipati hata milimita 25 za mvua kwa mwaka. Mombasa twapata kama elfu moja. Lakini cha kuwamaliza wazee ni hiki: Walvis Bay iko nyuzi kama 23 kusini ya ikweta. Fuata mstari huo huo uende mashariki, livuke bara zima, utatokea karibu na Inhambane, Msumbiji. Na Inhambane ni minazi mpaka uchoke. Mstari mmoja, jua moja, huku minazi huku mchanga. Huku mkondo wa moto, huku wa baridi. Na pepo zinazotoka mashariki zikishamwaga mzigo wao Msumbiji na kwenye milima ya njiani, zafika Namibia mikono mitupu.

Bondeni_Boy:
Mwalimu kwa heshima zote, hapo pamevuja. Somalia je? Bahari ni hii hii yetu, hata samaki ni hawa hawa, na iko karibu na ikweta zaidi ya Inhambane. Mbona kukavu? Mkondo wa baridi wa Somalia uko wapi?

Mwalimu_Tudor:
Swali zuri hilo kijana. Namuachia mtu wa bahari, yuko mmoja humu namjua yuasoma kimya kimya.

Kusi_na_Kaskazi:
Haya mwalimu umenitoa mafichoni. Mimi mzaliwa wa Lamu, naishi Mombasa, shule yangu ilikua jahazi la baba. Maneno ya kisayansi sina lakini bahari ya Somalia naijua kwa ngozi.

Mwanangu wa Bondeni, mkondo wa baridi uko, ila si mwaka mzima. Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba mpaka Machi, bahari ile ni kama hii yetu. Ikija kusi, mwezi wa sita, wa saba, upepo wakimbia sambamba na pwani ya Somalia kwenda kaskazini, hauingii bara, wakimbia tu kama basi lisilo na kituo. Nao wayakokota maji ya juu wayapeleka nje, yale ya chini yapanda. Huko juu karibu na Ras Hafun maji ya wakati huo ukitia mguu washtuka, na ndio maana samaki ni wengi, maji ya chini yaja na chakula chake. Wazee wetu kusi ikikaza walikua hawaendi huko, walisema bahari imefungwa, majahazi yavutwa pwani yapakwa sifa, yale mafuta ya samaki, na shahamu. Kwa hivyo mwalimu hakukosea. Wakati ambapo upepo una nguvu ya kuleta mvua, wapita kando. Mvua kubwa za pwani yetu huja pepo zikiwa zapokezana zamu, tanga mbili, kaskazi imechoka na kusi bado haijakaa kitako.

Hao wazee wa Kuze kama kuna hata mmoja aliwahi kupanda jahazi, muulize baridi ya Hafun. Atanyamaza.

Trela_la_Mariakani:
nyinyi mko na bahari tu, njooni huku barabarani. mimi napiga mombasa goma na mombasa juba kulingana na mzigo, mwaka wa kumi na moja, na nawaambia huhitaji meli kuona nchi ikibadilika, toka changamwe na tangi limejaa. minazi inakusindikiza mpaka mariakani hapo inakwambia kwaheri. samburu, taru, mackinnon road, ni miiba, mibuyu na mbuzi, zamani misafara ya watu wa miguu ilikua inaiogopa taru kuliko simba kwa sababu ya kukosa maji. alafu unafika voi unaona milima ya taita imesimama hapo kushoto, ile kabeji unayokula mombasa imetoka juu huko, kwenye ukungu, na chini yake hapo ni vumbi nyekundu na ndovu. ukungu mwengine tofauti na ule wa baharia wetu

unapanda unapanda mpaka nairobi, kama mita 1700 ivi na hujahisi sababu barabara inapanda polepole, alafu ukipita kule mai mahiu ardhi inaisha. inaisha kabisa. chini ni bonde la ufa, siku ya kwanza tandiboi wangu, msaidizi wa trela, alifunga macho nkamwambia fungua ushike dashibodi tuombe breki. hapo ndio nchi imepasuka, ule ufa unatoka ethiopia kule juu mpaka msumbiji. unashuka bondeni joto, unapanda tena timboroa zaidi ya mita 2700, jaketi, injini inakohoa, wauza viazi wamevaa kofia za sufi, na hapo uko karibu sana na ikweta. mtu wa ulaya ukimwambia ikweta anafikiria jasho

rwanda ni vilima hata pa kuegesha trela unatafuta. goma ndio iliniacha mdomo wazi, mji mweusi. nyumba zimejengwa kwa mawe ya volkano, barabara za mtaani ni volkano iliyoganda, mwaka 2002 lava ya nyiragongo ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, 2021 ikatoka tena. watu wanarudi wanajenga juu yake. na juba kule mbele yake mto naili unapotea kwenye kinamasi, sudd, mpana kuliko unavyoweza kuwaza, maji mengi yanaishia kupanda hewani hayafiki kaskazini. barabara haipiti hapo, mizigo inaenda na boti

nisamehewe kwa kuandika refu niko foleni ya mizani

Bondeni_Boy:
Kaka dereva umenipa hamu. Mimi mwisho wangu ni Voi, harusi ya binamu.

Mngazija_wa_Kibokoni:
Nawasoma toka asubuhi na nataka kuwachanganya kidogo, maana wote mwasema mvua ndio kila kitu. Bibi yangu mzaa mama ni wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro. Kule mvua yanyesha, si mchezo, mlima Karthala una mita 2361 na mawingu hayaushuki. Haya niambieni, Ngazidja ina mito mingapi?

Hakuna. Hakuna hata mmoja unaotiririka mwaka mzima. Nilienda nikiwa na miaka kumi na mbili, mvua ya usiku kucha, asubuhi natoka nione mto wa kuchezea, nakuta mawe meusi makavu. Ardhi ni lava, ina matundu kama sponji, maji yanywewa yote yapotea chini. Kila nyumba ina birika la kutegea maji ya mapaa, bibi alikua akitupima kwa kata, kata moja uso, kata moja miguu, na nje kumenyesha usiku mzima! 2005 Karthala ulipotoa majivu, majivu yakaingia mabirikani na watu wakabaki hawana maji ya kunywa, kisiwani, kwenye mvua. Na Shelisheli sio mbali sana, lakini visiwa vyao vikubwa ni mawe ya granaiti, mawe ya zamani sana ya bara, vijito vyateremka juu ya mwamba. Kwa hivyo kaka baharia, angalia na mwamba pia, sio upepo tu.

Mwalimu_Tudor:
Dada yangu wa Kibokoni, hapo umenifurahisha, naomba niongeze na hili nawaombeni msiseme nafanya siasa. Hayo ya Ngazidja tunayo sisi wenyewe. Milima ya Chyulu, ile ambayo kaka dereva huiona akielekea Kibwezi, ni volkano, yanyeshewa vizuri na haina mto. Maji yanywewa na lava, yatembea chini kwa chini kama kilomita 50, yaja kuchomoza Mzima ndani ya Tsavo, meupe, baridi, viboko waogelea ndani. Na hayo ndio yaliyotiwa bomba yakaletwa Mombasa toka miaka ya hamsini. Kila mtu humu aliewahi kunywa maji ya Mzima amekunywa mvua ya Chyulu. (Yakitoka. Mtaani kwetu wiki ya tatu hii twanunua kwa mkokoteni.)

Na baharia uliuliza Matadi, mbona meli yaingia alafu njia yakatika. Hilo nalifundisha hivi, na wazee watalielewa kwa sababu wameketi juu yake: sehemu kubwa ya Afrika ni baraza, si sakafu. Bara limeinuka, na ukingo wake uko karibu na bahari. Mto ukitoka ndani watembea taratibu juu ya baraza, ukifika ukingoni lazima uruke. Mto Kongo wafika Kinshasa mpana umetulia, meli za ndani zaenda na kurudi mamia ya kilomita, alafu kati ya Kinshasa na Matadi ni maporomoko baada ya maporomoko. Ndio maana gati ni Matadi, meli haiwezi kupanda ngazi. Na nchi kubwa vile pwani yake ni kama kilomita 40 tu! Nao mto haukauki msimu wowote kwa sababu waivuka ikweta mara mbili, ukiwa na kiangazi upande huu, upande wa pili kwanyesha.

Lesotho wao wako juu ya baraza na godoro lake, nchi nzima hakuna mahali chini ya mita 1400 hivi, theluji yaanguka, watu watembea na blanketi mabegani. Wakati Djibouti ziwa Assal liko mita 155 chini ya usawa wa bahari, chumvi tupu. Bara hilo hilo.

Cape Town mwezi wa saba, hiyo ni rahisi. Ncha zote mbili za bara zafanana, Algiers na Cape Town, mvua zao ni za baridi na zabibu zamea kote kuwili, ila miezi imegeuzwa. Ukitoka ncha ya juu kuja kati wapata jangwa, alafu nyasi, alafu msitu. Ukitoka ncha ya chini ni hivyo hivyo. Ni kama kioo, ila upande wetu wa mashariki kioo kimepasuka, milima na hizo pepo za mzee wa Lamu zimeharibu mpangilio, ndio ikawa tuko ikweta na Garissa ni ngamia.

Kusi_na_Kaskazi:
Mwalimu hapo kwa baraza umepiga ndipo. Naongeza moja. Pwani ya Afrika ni ndefu lakini imenyooka, pa kujificha na dhoruba ni pachache, Afrika Magharibi sehemu nyingi mawimbi yapasuka mchangani moja kwa moja. Hapa kwetu Mungu alitupa mabonde ya mito. Zamani bahari ilikua chini sana, mito ikachimba, kisha bahari ikapanda ikayajaza, ndio hiyo Kilindini na hiyo Tudor. Na jina lenyewe lasema, kilindi ni pale kamba ya bildi, ya kupimia kina, haigusi chini haraka. Meli kubwa zapita hapo Likoni karibu na feri mpaka mtoto aweza kusoma jina ubavuni.

Mtu_wa_Makadara:
Nafuta ile ya bichi. Lakini bado sijamsamehe mende.

Baharia_Kuze:
Wana jukwaa nimerudi na ripoti. Jana magharibi nimeenda barazani nimejipanga kama mtu wa mtihani. Nkaanza na sufuria mbili za mwalimu, wakanisikiliza. Nkaenda Inhambane na Walvis Bay, mzee aliyenicheka akachora mstari na fimbo chini, akauliza Inhambane minazi kweli? nkasema kweli, nlipita mwenyewe. Akasema mmm. Nkataja Hafun. Hapo mzee mwengine, yule hasemagi, anakaa mwisho na tasbihi yake, akasema ni kweli. Akiwa kijana walitoka Mukalla kule Yemen wamechelewa, kusi ikawakuta njiani, akatawadha maji ya bahari mikono ikafa ganzi, na jua la saa sita liko juu ya kichwa. Baraza kimya. Yule wa kwanza akasema mbona hukutwambia siku zote hizo? Akajibu, mngesema nna homa.

Basi nkajua nimeshinda, nkaagiza kahawa ya watu wote. Kosa langu ni kuwa nlinogewa nkamalizia na yule mende, na si kusimulia tu, nkainama nkawaonesha anavyosimama, kichwa chini, na kijana wa kahawa akawa ndio afika na buli.

Jangwa limeisha. Sasa naitwa Mende.